Wakfu Usio na Hati

Katika jimbo la Lancashire, kaskazini-magharibi ya Uingereza, kuna mji uitwao Accrington, uliolala bondeni baina ya miji miwili iliyouzidi kwa ukubwa na kwa sifa, Blackburn kwa upande wa magharibi na Burnley kwa upande wa mashariki, na hakuna hata mmoja kati ya hiyo ulio mbali zaidi ya mwendo wa asubuhi moja kwa mtu mwenye miguu mizuri. Wakazi wake ni kama 35,000, yaani wote kwa jumla, wazee kwa watoto wachanga, wangaliweza kuketi katika uwanja wa Benjamin Mkapa pale Dar es Salaam na viti vingi vikabaki vitupu. Mji wa kadiri hiyo haukutarajiwa kuwa na timu ya kandanda ya kulipwa, seuze timu ambayo jina lake linajulikana na watu wasiojua hata mji wenyewe uko upande gani wa ramani. Lakini jina la Accrington Stanley limeenea, na limeenea kwa sababu isiyo ya kawaida: klabu nyingine husifika kwa vikombe zilivyotwaa, hii ilisifika kwa kufa.

Kabla ya kuizungumza klabu sina budi kuuzungumza mji, maana kandanda la kule lilizaliwa na kazi ya kule. Katika kijiji cha jirani cha Oswaldtwistle, karibu na mwaka 1764, James Hargreaves, mfumaji asiye na elimu kubwa, alibuni mtambo wa kusokota nyuzi nyingi kwa mara moja, na tangu hapo bonde lote likaanza kugeuka: maji ya mito yakatiwa kazini, kisha mvuke ukashika nafasi ya maji, viwanda vya kupiga chapa vitambaa vikasimama, vinu vya kufuma vikasimama, na kiwanda cha Howard & Bullough kikawa kinaunda mashine za kusokotea zilizouzwa pande nyingi za dunia. Udongo wa pale ulichomwa ukawa matofali mekundu magumu kupita kiasi, yaliyopigwa chapa ya NORI. Msomaji wa pwani asidhani kwamba habari hizi hazimhusu. Mwaka 1902 matajiri wa pamba wa Lancashire, kwa hofu ya kutegemea mno mashamba ya Marekani, waliunda chama mjini Manchester cha kuhimiza kilimo cha pamba katika makoloni, na mwaka uliofuata mbegu zikapelekwa Uganda. Marobota yakavuka ziwa na kuteremka kwa reli hadi Kilindini, na mengi katika miaka ile ya mwanzo yalikwenda kuvilisha vinu vya Lancashire, ilhali nguo zilizopigwa chapa kwa amri ya wafanyabiashara wa Manchester zilikuja huku kuvaliwa Mombasa na Unguja. Kwa hiyo jembe la mkulima wa Busoga na kiingilio cha mfumaji wa Accrington vilikuwa na ujamaa ambao wenyewe wawili hawakupata kuujua.

Sheria ya viwanda ya mwaka 1850 iliamuru kwamba wanawake na vijana wa vinu vya nguo wasifanye kazi baada ya saa nane ya mchana siku ya Jumamosi, na kwa kuwa kinu hakiwezi kwenda kwa wanaume peke yao, mitambo yote ilinyamaza saa hiyo na mji mzima ukapata nusu siku ya kujifanyia upendalo. Nusu siku hiyo ndiyo iliyozaa mpira wa kulipwa. Mabwana wa kusini, waliojifunza mchezo katika shule zao za fahari, walisema kwamba mtu hucheza kwa ridhaa tu na kwamba kumlipa mchezaji ni kuuchafua mchezo. Neno hilo ni jepesi katika kinywa cha mtu ambaye hakatwi ujira akikosa kazini. Wafumaji wa Lancashire waliona vingine. Accrington, klabu iliyoanzishwa mwaka 1876, ilifukuzwa katika Chama cha Soka cha Uingereza mwaka 1883 kwa kosa la kumlipa mchezaji, na haikupita miaka miwili chama kile kile kikakubali, mwaka 1885, kwamba malipo ni halali. Sijui kosa lenye heshima kubwa kuliko lile ambalo hakimu huja kulifanya kanuni.

Mwaka 1888, kwa shauri la William McGregor wa Aston Villa, klabu 12 zilikubaliana kuunda ligi, ya kwanza ya namna yake duniani, na katika hizo 12 Lancashire ilitoa sita, na katika hizo sita moja ilikuwa Accrington. Leo mtu akizisoma, Everton, Aston Villa, Wolverhampton, Derby, Burnley na wenzao, huona majina ya miji mikubwa au ya vilabu vilivyokwisha kukusanya mataji, na hilo moja dogo limekaa katikati yao pasipo wasiwasi, tena mbele kabisa, kwa kuwa alfabeti haina upendeleo. Halikukaa sana. Katika msimu wa 1892 na 1893 timu ilimaliza ya 15 katika 16, ikacheza na Sheffield United mchezo wa kuamua nani abaki na nani ashuke, ikafungwa, na wakuu wake wakaona ni afadhali kutoka katika ligi kuliko kucheza Daraja la Pili. Kiburi hicho kiliigharimu klabu uhai wake. Kufika mwaka 1896 ilikuwa imekwisha.

Jina la mji, hata hivyo, lilikwisha kupata mtu wa kulichukua. Vijana wa mtaa wa Stanley walikuwa na timu yao tangu mwaka 1891, wakijiita Stanley Villa, na ile klabu kubwa ilipoanguka wakaliokota jina la Accrington, wakaliweka mbele ya jina la mtaa wao. Basi hata Stanley hii ya kwanza, ambayo baadaye ilililiwa kama marehemu mkubwa, ilianza maisha yake ikiwa imevaa joho la marehemu mwingine. Jambo hili nitalirudia.

Lazima nipite mwaka 1916, ingawa si habari ya mpira, kwa sababu hakuna anayeweza kuufahamu mji huu bila ya kuupita. Mnamo Septemba 1914 meya wa mji, John Harwood, aliomba idhini ya kuunda kikosi cha vita cha watu wa Accrington na jirani zake, na siku kumi zilitosha kukijaza. Watu wa kinu kimoja, wa mtaa mmoja, wa timu moja ya mpira waliandikishwa pamoja kwa ahadi kwamba watapigana pamoja. Walipigana pamoja. Asubuhi ya tarehe 1 Julai 1916, mbele ya kijiji cha Serre katika vita vya Somme, walitoka katika mahandaki yao kama watu 720, na katika muda wa nusu saa hivi 584 walikuwa wameuawa, wamejeruhiwa au hawajulikani walipo. Hakuna mtaa uliosalimika. Miaka mitatu baadaye Stanley ikahamia uwanja wa Peel Park, na miaka mitano baadaye, mwaka 1921, ikaingia katika Daraja la Tatu la Kaskazini. Na waliokuja kusimama pembezoni mwa uwanja Jumamosi hizo walikuwa ni wale waliobaki.

Ya miaka 30 iliyofuata yaweza kusemwa kwa ufupi, kwa kuwa mengi yalikuwa ni kupata leo na kukosa kesho, kama ilivyo ada ya klabu ndogo. Ila miaka ya 1950 ilileta mfano wa alfajiri. Kocha Walter Galbraith, mwenyewe Mskoti, alivuka mpaka kwenda kununua wachezaji kwao, ambako bei ilikuwa nafuu, hata mwaka 1955 Stanley ikawa ya kwanza katika ligi ya Uingereza kuteremsha uwanjani watu 11 waliozaliwa Uskoti wote. Timu ilikuwa nzuri. Ilimaliza ya pili mwaka 1955, na ya pili tena mwaka 1958, katika daraja ambalo ni mshindi wa kwanza peke yake aliyepanda. Na mwenye kushika nafasi ya pili mahali ambapo nafasi ya pili haina thawabu amepata hasara kubwa zaidi kuliko wa mwisho, maana ametumia gharama za mshindi.

Katika kuitumaini alfajiri hiyo, wakuu wa klabu walifanya jambo ambalo kila nikilikumbuka hucheka kisha huona haya kucheka. Walisikia kwamba jukwaa kubwa lililotumika katika maonyesho ya kijeshi huko Aldershot, kusini kabisa ya nchi, linauzwa kwa pauni 1,450, na wakalinunua mwaka 1958. Bei ilikuwa ndogo. Lakini kulivunja, kulisafirisha kutoka ncha moja ya Uingereza hadi ncha nyingine na kulisimamisha upya kulipandisha gharama kupita pauni 10,000, na lilipokwisha kusimama ikadhihirika kwamba limejengwa kwa ajili ya watu wa kutazama farasi na mizinga katika uwanja mpana, si mpira, na walioketi humo hawakuona mchezo vyema. Ajabu ya dunia ni kwamba mwaka 1992 klabu iliyofuata kutoweka katika ligi katikati ya msimu, tangu Stanley, ilikuwa ya mji ule ule wa Aldershot.

Huwezi kuwalaumu kwa jukwaa peke yake. Mwaka 1958 Uingereza, kwa mara ya kwanza tangu enzi za Hargreaves, iliingiza nguo za pamba kutoka nje nyingi kuliko ilizouza, na mwaka 1959 bunge lilipitisha sheria ya kuwalipa wenye viwanda ili wavunje mitambo yao. Watu wa bonde lile waliona kwa macho yao vyuma vilivyowalisha babu zao vikipigwa nyundo kwa fedha ya serikali. Televisheni ikaingia majumbani. Gari na basi vikawapa watu uwezo wa kwenda maili tano au sita kutazama mpira ulio bora, na bora haikuwa mbali: mwaka 1960 Burnley ilikuwa bingwa wa Uingereza nzima, na mwaka huo huo Blackburn ilicheza fainali ya Kombe la Chama cha Soka. Wakati nuru hizo mbili zikiwaka kulia na kushoto, Stanley ilishuka Daraja la Nne. Mnamo Januari 1961 ukomo wa mshahara wa mchezaji, uliokuwa pauni 20 kwa wiki, uliondolewa. Ilikuwa haki ya wachezaji, na mimi siwezi kuitetea kanuni iliyowazuia kuuza jasho lao kwa thamani yake, lakini haki ya mmoja aghalabu hupita juu ya shingo ya mwingine, na klabu ndogo ndizo zilizoinamishwa shingo.

Kufika mwanzo wa mwaka 1962 madeni yalikuwa takriban pauni 60,000. Tarehe 24 Februari Stanley ilicheza na Rochdale nyumbani, ikafungwa, mbele ya watu wasiofika 3,000. Tarehe 2 Machi ilikwenda Crewe, ikafungwa mabao manne kwa bila. Wakuu walimwita Bob Lord, mwenyekiti wa Burnley, tajiri wa maduka ya nyama, mtu wa maneno makavu na moyo usiotetereka, ili azitazame hesabu zao, naye alizitazama na kuwaambia katika mkutano wa tarehe 5 Machi kwamba hakuna tumaini. Wako waliomshuku kuwa alitaka kumwondoa jirani ili mashabiki wake wawe wake yeye. Mimi naona shaka hiyo haihitajiki, kwa sababu mtu mwenye kuhesabu nyama kwa ratili na fedha kwa senti angalisema vile vile hata kama hakuwa na jirani wa kumwonea husuda. Kesho yake barua ikaandikwa, ikapelekwa kwa Alan Hardaker, katibu wa ligi, kusema kwamba Accrington Stanley inajitoa.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya niandike. Katika siku chache baada ya barua kutiwa posta, Sir William Cocker, aliyepata kuiongoza klabu zamani, alitokea na wenzake wakiwa na ahadi ya fedha za kutosha kuifikisha timu mwisho wa msimu, na barua ya pili ikaandikwa kuifuta ya kwanza. Tarehe 11 Machi kamati ya ligi ilikaa na kuamua kwamba neno lililokwisha kutamkwa halirudishwi: klabu imejitoa, na imekwisha kutoka. Michezo 33 iliyokwisha kuchezwa msimu ule ikafutwa katika daftari kana kwamba haikuchezwa, mabao yakafutwa, pointi zikafutwa, na wale waliofunga na waliofungwa wakaambiwa kwamba hayakuwako. Kamati ilikuwa na hoja yake, nami sidiriki kusema ilikosa sheria. Ligi haiwezi kwenda kwa barua zinazokwenda na kurudi. Lakini naiuliza swali ambalo haikuulizwa: barua ile ya kwanza, aliyeiandika alikuwa na milki gani juu ya kitu alichokitoa?

Katika miji ya pwani yetu tunalo jambo liitwalo wakfu. Mtu akiwa na kisima, au shamba la minazi, au nyumba, akakitoa kwa ajili ya msikiti au kwa ajili ya maskini, mali ile hutoka katika milki yake wala haiingii katika milki ya mwingine; haiuzwi, hairithiwi, haiwekwi rehani; msimamizi hukabidhiwa aitunze, si aimiliki, na akikhini hushitakiwa mbele ya kadhi. Waliokufa wana sehemu yao katika wakfu, kwa kuwa ndio waliotoa, na wasiozaliwa wana sehemu yao, kwa kuwa ndio watakaonufaika. Aliye hai ni mpitaji tu. Ukiitazama klabu ya mji mdogo kwa jicho la sheria ya Uingereza ni kampuni yenye hisa, na wakurugenzi wake waweza kuifunga wakati madeni yanapoizidi, sawa na duka la viatu. Ukiitazama kwa jicho la mjane wa Somme ambaye mumewe alisimama kila Jumamosi mahali pamoja penye ukingo wa uwanja, na mwanawe akaja kusimama papo hapo, si duka la viatu.

Wala si kwamba Waingereza wenyewe hawakulihisi jambo hili. Tangu mwisho wa karne ya 19 Chama cha Soka kiliweka kanuni kwamba kampuni ya klabu isigawe faida kwa wenye hisa ila sehemu ndogo iliyopimwa, kwamba wakurugenzi wasilipwe mshahara, na kwamba klabu ikifungwa, kitakachobaki baada ya kulipa madeni kiende kwa vyama vingine vya michezo au kwa mambo ya sadaka. Huo ulikuwa nusu ya wakfu, na nusu nzuri, na ulidumu mpaka matajiri walipopata njia ya kuuzunguka. Tottenham iliuza hisa zake katika soko la London mwaka 1983 kwa kuweka kampuni moja juu ya nyingine. Lakini nusu iliyokosekana ndiyo iliyoiua Stanley. Kanuni zilimzuia msimamizi asile. Hazikumzuia asikate tamaa.

Hapa yanipasa niseme dhidi ya nafsi yangu, kwa maana hoja isiyosikia mpinzani wake haijakomaa. Huo umma ninaoutetea, wenye wakfu kwa madai yangu, ulikuwa wapi tarehe 24 Februari? Mji wa makumi ya maelfu ulitoa watu wasiofika 3,000, na wengine wote walikuwa nyumbani, au walikuwa Burnley. Simanzi iliyoenea baada ya Machi ilikuwa kubwa na ya kweli, nami siidharau, lakini ilikuwa simanzi ya watu wengi ambao kiingilio chao hakikuwa kimepokewa mlangoni kwa misimu kadhaa. Na msikiti wa wakfu usioswaliwa na mtu huanguka kuta zake, hata uwe na hati ya aina gani.

Ligi ilitafuta mbadala, ikaichagua Oxford United. Stanley ikajaribu kuishi katika mashindano ya jimbo, na mwanzo wa mwaka 1966 ikafa kabisa. Mwaka 1968 watu wa mji walikutana wakaamua kuanza upya. Wakapata uwanja wa Crown, kwa kuwa Peel Park ilikuwa imetoka mikononi mwao, na mwaka 1970 timu mpya ikaanza kucheza katika Lancashire Combination, katika ngazi za chini kabisa ambako mchezaji hupata nauli na kikombe cha chai. Miaka 20 na zaidi ilipita hivyo. Mwaka 1989 tangazo la televisheni la kuwahimiza watoto kunywa maziwa liliwaonyesha vijana wawili wa Liverpool, mmoja akimwambia mwenzake kwamba mshambuliaji Ian Rush amemwonya asipokunywa maziwa ataishia kuchezea Accrington Stanley, na mwenzake, kwa sauti ambayo nchi nzima iliikariri kwa miaka, akauliza hao ni nani. Ilikuwa dhihaka, na kila mtu wa Accrington aliifahamu kuwa dhihaka. Lakini dhihaka hutaka jina ambalo watu hawajalisahau, na kwa njia hiyo watengeneza tangazo waliitunza kumbukumbu ya klabu vizuri kuliko kamati ya ligi.

Mwaka 1995 klabu iliingia mikononi mwa Eric Whalley, aliyepata kuichezea, na mwaka 1999 akaletwa John Coleman, mwalimu wa shule kutoka Liverpool, pamoja na msaidizi wake Jimmy Bell. Walipanda daraja mwaka 2000, wakapanda mwaka 2003, na mwaka 2006 wakarudi katika ligi ile ambayo barua ya Machi 1962 iliwatoa. Na kwa kuwa mmoja akipanda mwingine hushuka, mmoja wa walioshuka mwaka huo kuwapisha alikuwa Oxford United. Mtunga hadithi akiandika hivyo, mhariri humrudishia karatasi zake na kumwambia kwamba amezidisha.

Sasa nalirudia lile nililoliahidi. Wako wanaosema, tena kwa usahihi wa karatasi, kwamba klabu iliyorudi mwaka 2006 siyo ile iliyotoka mwaka 1962: kampuni si ile, uwanja si ule, wachezaji si wale, na baina yake ipo miaka miwili ya kaburi. Na wakitaka kuwa wakali zaidi wataongeza kwamba hata ile ya mwaka 1962 haikuwa mojawapo ya wale 12 wa mwaka 1888, bali timu ya mtaa iliyovaa jina la mji baada ya mwenyewe kufa. Yote hayo ni kweli. Lakini pale Dar es Salaam ipo klabu iliyoanzishwa mwaka 1936, ambayo kwa miaka mingi iliitwa Sunderland, kwa jina la mji mwingine wa kaskazini ya Uingereza, na mwaka 1971 ikalivua jina hilo ikajiita Simba, na hakuna shabiki mmoja wa Msimbazi aliyewahi kudhani kwamba siku ile alibadilishiwa klabu. Huko jina lilikwenda na klabu ikabaki. Accrington klabu ilikwenda na jina likabaki. Na katika miji yote miwili watu waliendelea kumwambia mtoto kwamba hii ndiyo yetu. Nasaba ya klabu, kwa rai yangu, haithibitishwi kwa hati ya usajili ila kwa ushahidi wa wanaoirithi, na kwa ushahidi huo Stanley ni moja, licha ya makaburi yake.

Isidhaniwe kwamba baada ya mwaka 2006 neema ilishuka. Mwaka 2009 mamlaka ya kodi iliidai klabu pauni 308,000 na kuipeleka mahakamani, na ilikuwa karibu kurudia mauti yake kwa mara ya tatu. Ndipo mfanyabiashara Ilyas Khan akaja kusaidia na kuwa mwenyekiti. Mwaka 2015 Andy Holt, ambaye mali yake imetoka katika kiwanda cha vyombo vya plastiki jirani na mji, alilipa madeni na kuichukua. Mji uliosokotwa kwa pamba sasa unashikiliwa na plastiki, nami si mtu wa kumdharau mfadhili kwa sababu ya bidhaa yake. Mwaka 2018 Stanley, kwa bajeti iliyokuwa miongoni mwa ndogo kabisa za daraja, ilitwaa ubingwa wa Daraja la Nne na kupanda la Tatu, ambako haikuwahi kufika tangu mwaka 1960. Ilikaa huko misimu mitano, ikashuka mwaka 2023, na mwaka uliofuata Coleman akaondoka. Mnamo Januari 2025 kura ya Kombe la Chama cha Soka iliipeleka Anfield kucheza na Liverpool, ikafungwa mabao manne kwa bila, na hakuna kijana aliyeuliza hao ni nani.

Lakini fadhila ya Holt ni fadhila, na fadhila si kanuni. Klabu imekaa juu ya mtu mmoja mwema, na jirani zake wa Bury, mwendo mfupi kwa upande wa kusini, walionyesha ni nini hutokea mtu huyo akiwa mwingine: klabu yenye makombe mawili ya Chama cha Soka, la mwaka 1900 na la mwaka 1903, iliuzwa kwa pauni moja tu mwaka 2018, na mnamo Agosti 2019 ikafukuzwa katika ligi baada ya miaka 125 ndani yake, hali mashabiki wake wamefika uwanjani na fagio na ndoo ili kuusafisha kwa mchezo usiochezwa. Hawa hawakukaa nyumbani. Mlango ulijaa watu na kuta zikaanguka juu yao vilevile, na kwa hiyo lile neno langu la kuwalaumu wa mwaka 1962 limepata kizuizi chake.

Kwa ajili ya Bury, na kwa ajili ya wengine waliokaribia, bunge la Uingereza lilipitisha mwezi Julai 2025 sheria ya kuweka msimamizi huru wa kandanda, mwenye madaraka ya kutoa leseni kwa kila klabu ya madaraja matano ya juu, kuwapima wanaotaka kuzimiliki, na kuzuia mwenye klabu asiuze uwanja au kubadili jina na rangi kwa hiari yake peke yake. Wenye klabu wengi wameinung'unikia, wakisema ni gharama na ni mkono wa serikali mahali pasipo pake, na pengine katika baadhi ya mambo wana haki. Mimi naisoma kama jaribio la kuandika, baada ya miaka 140 ya mpira wa kulipwa, ile nusu ya hati iliyokosekana. Haitoi fedha, wala haimlazimishi mtu kulipa kiingilio. Lau ingalikuwako mwaka 1962, huenda ingaliwalazimisha wakuu wa Peel Park kungoja siku chache kabla ya kutia barua yao posta, na Sir William Cocker alikuwa tayari yuko njiani.